Kusoma sera za afya ya umma na ukuzaji wa afya ya jamii chuo kikuu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Watu wengi huingia kwenye fani hii kwa mlango mmoja kati ya miwili. Wapo wanaopenda kukaa na watu: kuzungumza na wazazi kliniki, kuendesha kampeni za chanjo, kuwafundisha vijana. Wapo pia wanaovutwa na meza za uamuzi, yaani sheria, bajeti na mipango ya taifa. Vyuo navyo mara nyingi huwagawa, hawa idara hii na wale idara ile, na mwanafunzi anamaliza akiwa na nusu ya ujuzi. Mimi nashikilia kwamba hii ni kazi moja. Ukiijua jamii bila kuijua sera, utabaki kuhimiza watu wanawe mikono mahali ambapo maji hayajawahi kufika. Ukiijua sera bila kuijua jamii, utaandika mpango mzuri usio na wa kuufuata. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili kila unapojifunza upande mmoja, uwe unauhoji kwa kutumia upande wa pili.

Hatua ya 1: Soma maandiko mawili kabla muhula haujaanza

La kwanza ni Azimio la Alma-Ata la Septemba 1978, lililotolewa katika mji ambao leo unaitwa Almaty, nchini Kazakhstan. Ni kurasa chache tu. Ndilo lililotangaza huduma ya afya ya msingi kuwa njia ya kufikia afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. La pili ni Hati ya Ottawa ya Novemba 1986, iliyoipa fani ya kukuza afya msingi wake. Inataja maeneo matano ya kazi: kujenga sera za umma zinazojali afya, kuweka mazingira yanayomsaidia mtu kuishi vizuri, kuimarisha nguvu ya jamii yenyewe, kukuza ujuzi wa mtu mmoja mmoja, na kugeuza mwelekeo wa huduma za afya ili kinga ipate nafasi yake.

Itazame vizuri orodha hiyo. Kumfundisha mtu mmoja mmoja ni eneo moja tu kati ya matano, lakini katika miradi mingi ndilo linalopewa nafasi ya kwanza, na wakati mwingine ndilo pekee. Iandike orodha hiyo kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari lako. Kila utakapofundishwa mradi au kampeni, ipitie na ujiulize ni maeneo gani yameguswa na yapi yameachwa.

Usiyasome maandiko hayo kama historia iliyokwisha. Mwaka 1979, muda mfupi tu baada ya Alma-Ata, watafiti walipendekeza njia nyingine: badala ya kujenga mfumo mzima, zichaguliwe huduma chache, za gharama nafuu na zinazopimika kirahisi. Mvutano huo kati ya kujenga mfumo na kushambulia tatizo moja moja bado upo, na utaukuta kwenye kila ofisi utakayofanyia kazi. Anza mapema kujua hoja za pande zote mbili.

Ukipata nafasi, ongeza ripoti ya mwaka 2008 ya tume ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyoongozwa na Michael Marmot, kuhusu mambo ya kijamii yanayoamua afya. Marmot ndiye aliyepata umaarufu kwa tafiti za watumishi wa serikali wa Uingereza zilizoonyesha kwamba kadiri cheo kinavyoshuka, ndivyo uwezekano wa kufa mapema unavyopanda, tena kati ya watu ambao wote wana ajira na wote hukaa ofisini. Matokeo hayo yanastahili utulie nayo. Yanakukatalia jibu la haraka kwamba tatizo ni umaskini wa kupindukia pekee.

Hatua ya 2: Chagua programu kwa orodha yake ya masomo

Brosha za vyuo zote husema mambo yaleyale. Omba orodha kamili ya masomo ya miaka yote, kisha tafuta haya: epidemiolojia (sayansi ya jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii na kwa nini), takwimu za afya, uchambuzi wa sera, uchumi wa afya, mbinu za utafiti wa mahojiano na uchunguzi, maadili ya utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Likikosekana somo la uchumi wa afya unaweza kujisomea. Zikikosekana takwimu au mafunzo ya uwandani, tafuta chuo kingine.

Uliza pia wanafunzi hupelekwa wapi uwandani, kwa wiki ngapi, na ni nani huwasimamia wakiwa huko. Uliza kama unaweza kusoma tasnifu za wanafunzi waliotangulia. Ukisoma tatu utajua kiwango cha usimamizi kuliko maelezo yoyote ya ofisi ya udahili. Hakikisha shahada inatambuliwa na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi unayotaka kufanyia kazi.

Fani hii hupokea watu wa asili nyingi: wauguzi, walimu, wanasheria, wachumi, wanasosholojia, wanahabari. Aliyetoka kwenye tiba mara nyingi hupungukiwa siasa na mbinu za kusikiliza. Aliyetoka kwenye sayansi za jamii mara nyingi huogopa hesabu. Jipime kwa ukweli, kisha muhula wa kwanza uwekeze nguvu zako nyingi pale unapopaogopa.

Hatua ya 3: Zikabili takwimu mapema

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na ndipo ninapokuomba uvumilie zaidi. Hesabu zinazohitajika si ngumu. Kinachohitajika ni kuelewa kila namba inasema nini na inaficha nini.

Anza na tofauti ya visa vipya na visa vilivyopo. Visa vipya ni watu walioupata ugonjwa katika kipindi fulani. Visa vilivyopo ni wote wanaoishi nao kwa wakati huo. Chukua virusi vya UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi zinapowafikia watu wengi, wanaoishi na virusi huishi muda mrefu zaidi, kwa hiyo visa vilivyopo vinaweza kuongezeka hata kama maambukizi mapya yanapungua. Mwanasiasa asiyejua tofauti hiyo anaweza kusimama na kusema mpango umeshindwa kwa sababu asilimia imepanda, wakati kumbe kupanda kwenyewe ni dalili kwamba watu wanaishi. Ni kazi yako kulieleza hilo kwa lugha ambayo mtu yeyote ataielewa.

Kisha fanya hesabu hii kwa kalamu, taratibu. Kuna kipimo cha ugonjwa fulani. Kinagundua wagonjwa 90 katika kila wagonjwa 100, na kinawatambua sawasawa wazima 95 katika kila wazima 100. Ni kipimo kizuri. Kiongozi anapendekeza watu wote wapimwe, na ugonjwa wenyewe unampata mtu 1 katika kila watu 100. Chukua watu 10,000. Wagonjwa ni 100, na kipimo kinawapata 90. Wazima ni 9,900, na kipimo kinawakosea asilimia 5, yaani watu 495. Jumla ya watakaoambiwa wana ugonjwa ni 585, na walio wagonjwa kweli ni 90. Kati ya kila watu 100 wanaorudi nyumbani na hofu, wagonjwa ni 15 tu.

Sasa peleka kipimo hichohicho kwenye kliniki ya wenye dalili, ambako watu 20 katika kila 100 wanao ugonjwa. Katika watu 10,000 wagonjwa ni 2,000 na wanapatikana 1,800. Wazima ni 8,000 na wanaokosewa ni 400. Safari hii, kati ya kila 100 wanaoambiwa wanaumwa, wagonjwa wa kweli ni takriban 82. Kipimo hakikubadilika. Kilichobadilika ni uamuzi wa nani apimwe, na huo ni uamuzi wa sera. Ukiielewa hesabu hii hadi uweze kuifanya ubaoni bila kuangalia popote, umepata silaha utakayoitumia maisha yako yote ya kazi.

Jambo la tatu ni wastani. Taifa linaweza kutangaza kwamba chanjo imewafikia watoto 85 katika kila 100, nawe ukakuta mtaa mmoja hakuna aliyefikiwa. Kila unapoona wastani, omba ugawanywe: kwa kipato, kwa eneo, kwa jinsia, kwa umri, kwa ulemavu. Julian Tudor Hart, daktari aliyefanya kazi Wales, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri ya afya huelekea kupatikana kwa uchache zaidi mahali inapohitajika zaidi. Wastani ndio unaoficha jambo hilo.

Kwa mazoezi, chagua jedwali moja kila wiki kutoka hazina ya takwimu ya WHO, ambayo iko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti, na uandike sentensi tatu: jedwali linasema nini, halisemi nini, na ni watu gani hawakuhesabiwa. Jifunze pia programu moja ya takwimu mpaka mkono uizoee. R ni ya bure na inatosha kabisa.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma sera kwa jicho la mkaguzi

Sera nyingi huandikwa kwa lugha tamu. Soma sentensi hii, niliyoitunga kwa mfano lakini ndugu zake utawakuta kila mahali: "Serikali itahakikisha wajawazito wote wanapata huduma bora za uzazi."

Ni serikali ipi, wizara au mamlaka za wilaya? Wajawazito "wote" ni pamoja na wahamiaji wasio na vitambulisho, au wafungwa? "Wanapata" maana yake ni kwamba kituo kipo karibu, au kwamba huduma haina malipo, au kwamba mkunga yupo kituoni saa nane usiku? "Bora" itapimwa kwa kigezo gani? Hakuna tarehe, hakuna fungu la fedha, hakuna ofisa anayetajwa. Mwaka ukipita na hakuna kilichofanyika, hakuna wa kuulizwa.

Jaribu kuiandika upya: "Kuanzia mwaka ujao wa fedha, kila mamlaka ya wilaya itatenga fungu la kuajiri wakunga, ili kila kituo kinachozalisha kiwe na angalau mkunga mmoja zamu ya usiku, na mganga mkuu wa wilaya atatoa taarifa hadharani kila robo mwaka." Haina utamu, lakini sasa mwananchi anaweza kwenda kudai. Fanya zoezi hili kwa sera moja halisi kila mwezi. Kisha fungua kitabu cha bajeti cha nchi hiyo hiyo na utafute kama ahadi ina fedha. Ahadi isiyo na fungu iandikie alama nyekundu.

Ukishazoea maneno, geukia watu. Gill Walt na Lucy Gilson walipendekeza mwaka 1994 pembetatu ambayo bado inafundishwa karibu kila mahali: maudhui ya sera, muktadha wake, mchakato wake, na katikati wahusika. Wanafunzi wengi hutumia kurasa zao zote kwenye maudhui. Wewe anza na wahusika. Chora jedwali: nani ananufaika, nani anapoteza, kila mmoja ana nguvu kiasi gani, na nani hakualikwa kabisa. Mtaalamu wa siasa John Kingdon naye alieleza mikondo mitatu inayopaswa kukutana ili jambo lipite: tatizo limeonekana, suluhisho lipo tayari, na siasa imekubali. Mikondo hiyo hukutana kwa muda mfupi, kwa hiyo utafiti wako unatakiwa uwe umekamilika kabla ya siku hiyo kufika.

Mifano miwili ya kufanyia mazoezi. Wa kwanza ni Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku, uliopitishwa Mei 2003 na kuanza kutumika Februari 2005. Kipengele chake cha 5.3 kinazitaka nchi zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya biashara ya tumbaku. Jiulize kwa nini ilibidi jambo hilo liandikwe. Wa pili ni kodi ya vinywaji vyenye sukari nchini Meksiko, iliyoanza Januari 2014: nani aliidai, nani aliipinga na kwa hoja gani, nani aliyelipa. Mifano hiyo itakuonyesha kwamba ushahidi wa kisayansi ni sauti mojawapo tu ukumbini, na mara nyingi si ndiyo iliyo kubwa.

Hatua ya 5: Soma nadharia za tabia, ujue na ukomo wake

Utafundishwa modeli nyingi. Mojawapo ya kongwe ni modeli ya imani za afya, iliyoanza miaka ya 1950 Marekani pale wanasaikolojia wa idara ya afya ya umma walipotaka kujua kwa nini watu hawakuja kupimwa kifua kikuu ingawa huduma ilikuwa ya bure na ilisogezwa karibu nao. Walihitimisha kwamba mtu huamua kwa kupima hatari anayoiona, faida anayoitarajia na vikwazo anavyoviona. Ni nadharia yenye manufaa. Itumie kupanga maswali yako.

Lakini usiishie kichwani mwa mtu. Nenda Finland ya mwaka 1972. Wanaume wa mkoa wa North Karelia walikuwa wakifa kwa magonjwa ya moyo kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani, na wakazi wenyewe ndio walioiandikia serikali mwaka 1971 kuomba msaada. Mradi ulioongozwa na Pekka Puska, wakati huo daktari kijana, ulipita kwenye vyama vya wanawake, shule, maduka, vyombo vya habari na viwanda vya chakula. Watu walipoambiwa wapunguze mafuta ya maziwa, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walikuwa wakiona riziki yao ikiondoka, hivyo baadaye kukawa na mpango wa kuwasaidia wakulima kugeukia kilimo cha matunda madogo yanayostawi katika baridi ile. Sheria ya tumbaku ya nchi ilipitishwa mwaka 1976. Katika miongo iliyofuata, vifo vya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Mwanafunzi makini atauliza: je, vifo havikushuka sehemu nyingine za Finland pia? Vilishuka, na wataalamu wamebishana kuhusu ni kiasi gani cha mafanikio kihesabiwe kwa mradi na kiasi gani kwa mabadiliko ya nchi nzima. Usilikwepe swali hilo. Tathmini ya miradi ya jamii inaishi ndani ya maswali ya namna hiyo, na kulijadili kwenye insha kutakupa alama zaidi kuliko kusifu.

Ongeza hapo wazo la Geoffrey Rose, mtaalamu wa epidemiolojia wa Uingereza. Alionyesha kwamba visa vingi vya ugonjwa hutoka kwa watu wenye hatari ya wastani, kwa sababu hao ndio wengi, kuliko kwa wachache wenye hatari kubwa. Kwa hiyo kushusha kidogo kiwango cha chumvi cha watu wote kunaweza kuokoa maisha mengi kuliko kuwasaka wachache walio hatarini, ingawa kila mtu mmoja mmoja haoni faida kubwa kwake. Hilo ndilo linaloifanya kinga iwe ngumu kuipigania kisiasa: aliyeokolewa hajijui.

Hatua ya 6: Nenda uwandani ukasikilize

Mafunzo kwa vitendo ndiyo moyo wa shahada hii. Yape muda wote unaoweza.

Kabla ya kwenda, soma ngazi ya ushiriki aliyoieleza Sherry Arnstein mwaka 1969. Ina vipandio vinane, kuanzia kuwachezea watu akili hadi wananchi kushika uamuzi mikononi mwao. Karibu kila mradi hudai kwamba umeshirikisha jamii. Ukifika, uliza: mkutano ulipofanyika, mpango ulikuwa umeshaandikwa? Je, kuna kitu chochote kilichobadilika kwa sababu ya waliyosema wananchi? Kama hakuna, watu walijulishwa tu.

Pita kwa viongozi, kwa sababu heshima na usalama wenu vinahitaji hivyo. Usikomee kwao. Kiongozi atakutajia barabara na jengo. Mama anayeuza vitu jioni atakwambia kwamba kliniki hufungwa saa ambayo ndiyo kwanza anatoka kazini. Katika majadiliano ya vikundi, watenge vijana na wazee, wanawake na wanaume, pale mada inapohitaji. Binti hatasema yake mbele ya mama mkwe wake.

Tunga maswali kwa uangalifu. Mwanafunzi huandika kwenye dodoso: "Je, unanawa mikono kwa sabuni kila mara unapotoka chooni?" Karibu kila mtu atajibu ndiyo, kwa sababu anajua jibu linalotakiwa, nawe utarudi na asilimia zisizo na maana. Njia bora ni kusema: "Naomba unionyeshe mahali ambapo watu wa nyumba hii hunawia mikono." Halafu angalia: maji yapo? Sabuni ipo? Ni kavu na imepasuka, au imetumika leo? Andika unachokiona. Swali hilo pia linakupeleka kwenye sera, maana kama maji hayapo, umeshajua kwamba kampeni ya mabango haitasaidia.

Kwa wanaodhani kazi ya jamii ni ndogo kuliko tiba, wakumbushe mnyoo wa Guinea. Hauna chanjo, hauna dawa ya kuutibu. Mwaka 1986 ulikadiriwa kuwapata watu milioni 3.5 kwa mwaka. Tangu 2021 visa vya binadamu vinavyoripotiwa vimekuwa chini ya 20 kila mwaka duniani kote. Kilichofanyika ni watu kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa, mgonjwa kuzuiwa asiingize mguu wenye kidonda kwenye chanzo cha maji, madimbwi kutiwa dawa ya kuua vijidudu vinavyobeba mabuu, na watu wa vijiji wenyewe kujitolea kutafuta na kuripoti kila kisa. Na siasa ilikuwemo: azimio la Mkutano Mkuu wa Afya Duniani la mwaka 1986, na mwaka 1995 kusimamishwa kwa mapigano nchini Sudan kwa takriban miezi sita, kwa upatanishi wa Jimmy Carter, ili wahudumu wafike vijijini. Kazi haijaisha, kwa sababu mnyoo huo sasa huwapata pia wanyama, hasa mbwa. Lakini huwezi kupata mfano ulio wazi zaidi wa jamii na sera zikivuta kamba upande mmoja.

Kuhusu maadili, usiyachukulie kama fomu za kujaza. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume Weusi wapatao 600 waliwekwa kwenye utafiti wa kaswende. Waliokuwa wagonjwa hawakuambiwa ugonjwa wao, wala hawakupewa penisilini hata ilipokuwa tiba ya kawaida. Waliofanya hivyo walikuwa watu wa afya ya umma. Kwa sababu hiyo ridhaa ya mshiriki lazima iwe ya kweli: aelewe, awe huru kukataa, na aweze kujitoa katikati bila kupoteza huduma yoyote. Ukiona mtu anasaini bila kuelewa kwa sababu tu umekuja na kiongozi, simama, mweleze upya.

Hatua ya 7: Andika muhtasari wa sera wa kurasa mbili

Insha ya chuo huandikiwa mhadhiri mwenye muda. Mwamuzi hana muda. Anza na ombi lako kwenye kichwa chenyewe, kwa mfano "Kliniki za vijana zifunguliwe hadi saa mbili usiku". Aya ya kwanza itaje tatizo, ukubwa wake kwa namba moja au mbili, na unachotaka kifanyike. Kisha weka njia mbili au tatu zinazowezekana, mojawapo ikiwa kuacha mambo yalivyo, na kila moja uitajie gharama, atakayenufaika na atakayelalamika. Watu wengi hukwepa sehemu ya mlalamikaji, nayo ndiyo ambayo mwamuzi ataiuliza kwanza.

Ukimaliza, mpe asome mtu mmoja anayeishi na tatizo hilo na mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi ofisi ya serikali. Wa kwanza atakuonyesha ulipokosea kuhusu maisha, wa pili ulipokosea kuhusu utaratibu.

Hatua ya 8: Tasnifu, kisha kazi

Chagua swali jembamba. "Afya ya uzazi kwa vijana" ni mada ya kongamano zima. "Kwa nini wasichana wa miaka 15 hadi 19 wanaoishi umbali wa kutembea kutoka kliniki ya vijana hawaendi?" ni swali linaloweza kujibiwa ndani ya mwaka. Sura ya mwisho ipande hadi kwenye uamuzi: ni kanuni ipi, ratiba ipi au fungu lipi linapaswa kubadilishwa, na nani mwenye mamlaka hayo. Tasnifu inayoishia na "jamii ielimishwe zaidi" kwa kawaida haikuchimba vya kutosha.

Peleka maombi kwenye kamati ya maadili mapema kuliko unavyodhani inahitajika, kwa sababu majibu huchelewa na ratiba yako yote inayategemea. Kubaliana na msimamizi wako siku maalumu za kukutana, na kila kikao kipeleke maandishi, hata ukurasa mmoja. Panga fedha na siku za kurudi kwa watu waliokupa taarifa. Waandikie ukurasa mmoja kwa lugha wanayoizungumza, usome mbele yao, na usikilize wanapokupinga. Mara nyingine pingamizi lao huwa aya bora kuliko zote kwenye sura ya majadiliano.

Nafasi za kazi ziko wizarani na wilayani, kwenye mashirika ya kimataifa na ya kiraia, bima za afya, taasisi za utafiti, ofisi za wabunge na vyombo vya habari. Unapoomba, ambatanisha kazi zinazoonekana pamoja na cheti: muhtasari wako wa kurasa mbili, jedwali moja ulilolichambua mwenyewe, na ule ukurasa uliowasomea wananchi. Kabla ya kuvituma, pitia kila ukurasa na uondoe majina, mitaa na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu aliyezungumza nawe.